Kuubomoa Ukuta wa Baba

Jumapili, 2 Machi

Nimeingia fainali! Katibu wa klabu nimemfunga kwa hatua thelathini na mbili tu, na yeye ni mwalimu wa hesabu. Ameniambia nilikuwa na bahati. Nikamwambia bahati ingekuwa inacheza chesi vizuri namna hii, ningeiajiri saluni.

Sasa nakutana na Baba. Tena. Mara ya nne mfululizo. Miaka mitatu yote amenifunga, akanipa mkono, akaniuliza kama nimekula. Hilo la kuniuliza kama nimekula ndilo linaloniuma zaidi.

Niandike hapa ili nijue napambana na nini. Klabuni kwetu bingwa hushika kete nyeusi mechi zote tatu za fainali. Mpinzani anaanza, bingwa anajilinda, na matokeo yakiwa sawa bingwa anabaki kuwa bingwa. Baba anaipenda sheria hii kuliko chakula, kwa sababu Baba ana ukuta wake. Mimi namsogeza askari wa mfalme hatua mbili. Yeye anamsogeza askari mmoja wa upande wa malkia hatua moja tu, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Kisha anaweka askari wa pili katikati, yule wa kwanza akimshika mgongo. Mimi nasonga mbele. Yeye anamtoa askofu wake nje, anafunga mlango kwa askari wa tatu, anakaa. Basi. Gonga utakavyogonga, hafungui. Mwaka nenda mwaka rudi ni hivyo hivyo. Sisi klabuni tunauita Ukuta.

Nimegonga kistaarabu miaka mitatu. Mwaka huu naingia na nyundo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Kwenye kabati la klabu kuna majarida ya zamani, yamekaa hayaguswi. Katika mojawapo kuna kurasa mbili nzima za mashambulizi ya ajabu dhidi ya Ukuta. Mwandishi mwenyewe anaonya kwamba mengi ni ya watu wasiomjali mfalme wao. Mimi huyo!

La kwanza ni hili: Baba akishamtoa askofu nje, mimi simshughulikii. Namrusha askari wangu wa ukingoni, upande wa mfalme, hatua mbili mbele. Haina maana, utasema. Lakini akifunga mlango kama alivyozoea, askari wangu watatu wanamzunguka askofu wake mmoja baada ya mwingine, na hana pa kutokea. Askofu mzima, bure!

Leo saluni nilipanga ubao juu ya trei ya rola. Mteja alikuwa chini ya draya, nikamshikisha askofu ili asinipotelee. Mwenzangu wa upande wa rangi, tunamwita Sindano kwa ajili ya ulimi wake, alinitazama nikirudia hatua zile zile, akasema nimemaliza chupa ya dawa kwenye kichwa kimoja kwa sababu macho yangu yako kwenye vinyago. Nikamwambia Jumamosi ijayo atakuwa anafanya kazi na bingwa. Akauliza kama bingwa atafagia nywele zake mwenyewe.

Nimelijaribu kwa Katibu jioni. Hatua tisa. Askofu ndani ya kapu. Katibu alivua miwani, akaifuta, akasema, tena. Nikamfunga tena.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefungwa.

Nilikaa, nikacheza, nikataja kwa sauti: askari wa ukingoni, hatua mbili. (Klabuni siku hizi kila hatua inatajwa. Baba ndiye aliyeleta mtindo huo mwaka juzi, eti ni adabu, usimsogezee mtu kete kimya kimya kama mwizi. Tumezoea wote.) Baba hata hakuinua kichwa. Akamsogeza askari wake wa ukingoni hatua mbili, wakasimama pua kwa pua. Mtego umekufa. Anaujua! Nilidhani jarida lile ni langu peke yangu, kumbe amelisoma kabla sijazaliwa.

Nikashambulia hivyo hivyo. Sikuzaliwa kurudi nyuma. Hatua arobaini na moja, nikalaza mfalme.

Akanipa mkono. Akasema, "Umepiga kelele nyingi mlangoni, mama, lakini kitasa hujakigusa." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, ya nusu mdomo. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Moja bila. Bado mbili. Simwogopi.

Jumatatu, 10 Machi

Saluni tunafunga Jumatatu, kwa hiyo nilipita karakana kwa Baba nimchokoze kidogo. Mama alikuwepo! Amekaa kwenye kiti nyuma ya kaunta, daftari mapajani. Mama hajawahi kukaa karakana hata siku moja, anasema vumbi la chuma linamkwaruza koo. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anasaidia kupokea wateja.

Baba ana plasta kwenye kidole gumba. Mashine ya kuchonga funguo imemla kidogo. Nikamwambia mkono huo huo ndio umenifunga Jumamosi, Mungu analipa. Akacheka sana.

Alikuja mama mmoja na ufunguo wa lango. Baba aliushika, akaupitisha ukucha kwenye meno yake, jino moja moja, akapapasa ukutani kwenye misumari, akachukua ufunguo mbichi, usiochongwa bado, unaofanana nao. Hakutazama hata mara moja! Nikamsifu mbele ya mteja, nikasema fundi wa kweli ndiye huyu. Mama akanitazama. Nilidhani anataka kusema jambo, lakini akanituma nikamnunulie uzi.

Nimemnunulia mweusi. Alitaka mweupe. Hakuna kinachompendeza siku hizi.

Alhamisi, 13 Machi

Shambulizi la pili ndilo lenyewe. La kwanza lilikuwa la watoto.

Baba akimtoa askofu, mimi namrusha askari aliye mbele ya farasi, hatua mbili, uso kwa uso na askofu. Askofu hana budi kukimbilia kwangu katikati. Namfukuza kwa askari mwingine. Anarudi nyumbani kwao. Namfuata kwa yule wa ukingoni. Hapo Baba atazuia, najua, atasimamisha wake pua kwa pua kama safari ile. Mtu mwenye akili timamu hapo angempitisha askari wa farasi mbele, nafasi ifungike, maisha yaendelee.

Mimi sifanyi hivyo! Namchukua askari wa mfalme, yule mkubwa wa katikati, nguzo yangu yote, namsukuma hatua moja mbele, mpaka mdomoni kwa adui. Sadaka. Aliwe. Akiliwa, ngozi ya Ukuta imechanika mbele ya mfalme, na malkia wangu anajua njia.

Mfalme wangu mwenyewe nimemvua nguo, ni kweli. Askari wote wa upande wake wako mbio mbele. Lakini Baba hapendi kukimbiza mtu. Baba anapenda kukaa. Atakaa, nami nitaingia.

Sindano leo aliniuliza kwa nini namchukia baba yangu hivi. Nimeshangaa. Nikamwambia nampenda kuliko watu wote, ndiyo maana nataka kumfunga yeye na si mwingine. Akasema, sawa, mteja wako anaungua shingo.

Jumamosi, 15 Machi

NIMEMFUNGA! Nimemfunga Baba! Baba, na Ukuta wake, na kete zake nyeusi. Moja moja!

Niandike kwa mpangilio. Nikamtaja askari wa farasi, hatua mbili. Baba akasimamisha mkono. Akauliza, "Hatua mbili?" Nikasema mbili. Akatabasamu, akasema kumbe nimekuwa mkorofi. Akaenda na askofu katikati kwangu, nikamfukuza, akarudi, nikamfuata. Akasimamisha askari wake wa ukingoni, kama nilivyotabiri, neno kwa neno.

Halafu ile yangu. Nikamsukuma askari wa mfalme mdomoni kwao, nikagonga saa. Hata kutaja nilisahau, na hakuna aliyenikumbusha, kila mtu alikuwa anakitazama kile kioja.

Baba alikaa dakika kumi na mbili. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja limeelekea kwangu kidogo. Nikajua nimempata. Kisha akamchukua farasi wake wa upande wa malkia, akamtoa taratibu, akampanga mbele ya malkia wake. Pale pale! Pembeni ya askari wangu, mahali pa kuliwa bila hata kuhangaika.

Nilidhani ni mtego. Nikatafuta dakika tano nzima. Hakuna mtego. Nikasema, nakula farasi, shaha, mfalme wako hatarini!

Uso wake ulibadilika. Akauliza polepole, "Unakula na nini?"

Nikacheka. Nilidhani ananidharau. Nikamwambia, na askari. Akarudia, na askari, kama mtu anayesoma barua. Akakaa dakika nne nyingine ndipo akamla askari yule. Baada ya hapo ilikuwa kazi tu. Hatua ya ishirini na saba akalaza mfalme. Watu wakapiga makofi, Katibu akanibeba nusu.

Hakuniuliza kama nimekula. Aliondoka na Mama, wameshikana mikono.

Jumapili, 16 Machi

Yule farasi ananisumbua.

Nimeicheza mechi upya asubuhi, nijifurahishe. Kila nikifika pale nakwama. Baba hafanyi hivyo. Baba hamwachi hata askari wa pembeni bila kujua kwa nini. Mtu aliyejilinda miaka thelathini anampeleka farasi mdomoni kama mtoto aliyejifunza jana?

Nikafikiri, labda aliona kitu nisichokiona. Nikatafuta hadi chai ikapoa. Hakuna.

Halafu, kwa mchezo tu, nikamrudisha askari wangu wa mfalme alipokuwa. Nikampitisha askari wa farasi mbele badala yake. Ile hatua ya mtu mwenye akili timamu. Nikautazama ubao.

Farasi wa Baba ni mzuri sana hapo. Anatoka kwa wakati wake, anambana askari wangu wa katikati, hana hatari yoyote, na kila kitu chake kimekaa sawa. Ni hatua ya bingwa. Ila ni ya ubao mwingine. Baba alijibu hatua ambayo sikuicheza.

Hatua ambayo sikuitaja.

Nimekaa chini. Kwenye sakafu kabisa, mgongo ukutani. Kidole chenye plasta. Ukucha kwenye meno ya ufunguo. Mama na daftari. Adabu ya kutaja kila hatua. Na huo Ukuta wenyewe, miaka nenda rudi haubadiliki hata nukta. Mimi nikidhani ni ukaidi! Hauhitaji kuutazama. Anaujua gizani.

Baba haoni. Baba haoni ubao, na mimi niliruka ruka mbele yake jana kama mwehu.

Jumatatu, 17 Machi

Nilimfuata Mama nyumbani Baba akiwa karakana. Sikumzungusha. Nikamuuliza, tangu lini?

Alikuwa anachambua mboga. Hakuacha. Akasema jicho la kushoto lilikwenda mwaka juzi, presha ya macho, lilikwenda kimya kimya. La kulia lina mtoto wa jicho. Anaona mwanga wa dirisha, anaona mtu akipita kama kivuli. Daktari amesema hilo la kulia linaweza kufanyiwa upasuaji na likarudi kwa kiasi kikubwa. Baba hataki. Anasema hilo ndilo pekee lililobaki, na likiharibiwa kwa kisu atabaki na nini.

Nikalia. Kisha nikakasirika, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliapishwa. Akasema pia, na hili lilinichoma, kwamba mtu anayeshika vichwa vya watu mchana kutwa angeweza siku moja kumtazama baba yake usoni.

Kisha akanieleza lililobaki. Baba alimwambia hivi: siku akipoteza ubingwa, atajua kichwa nacho kimekwenda, na hapo wamchukue wampeleke watakako. Lakini mradi Ukuta umesimama, yeye si kipofu, na hakuna wa kumgusa jicho.

"Kwa hiyo mfunge, mwanangu. Jumamosi mfunge."

Nikasema nitamfunga, wala asiwe na shaka.

"Ukisogeza, nyamaza tu. Kama ile siku."

Nikamwambia siwezi. Siwezi kumwibia Baba. Akaacha mboga sasa, akanitazama. "Juzi mashine imekata ngozi. Kesho itakata kidole. Wewe unataka mechi nzuri au unataka baba?"

Nilimsaidia kumalizia mboga, nikaondoka.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimemkata mteja nywele fupi kuliko alivyotaka. Akapenda! Hata nikikosea napatia. Lakini sikufurahi.

Sindano kaniuliza nini kinanila. Nikamwambia baba anaumwa macho. Hakunichokoza. Alinichukulia wateja wangu wawili wa mchana bila kuniambia, nikagundua baadaye kwenye orodha. Simwiti tena Sindano. Nitamwita, lakini kwa upendo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeamua.

Kunyamaza sinyamazi. Nikishinda kwa kunyamaza, Baba ataijua hiyo mechi. Ataicheza kichwani mara mia kama nilivyoicheza mimi, na akifika kwenye kosa kama lile la farasi atajua alivuliwa ubingwa na binti yake gizani. Atakwenda hospitali amevunjika. Au hatakwenda, kwa hasira.

Kukwepa nako sikwepi. Nikicheza kistaarabu, Ukuta unasimama, na Mama anaendelea kukaa kwenye vumbi la chuma akisoma namba za funguo.

Kwa hiyo ni shambulizi lile lile, hatua kwa hatua. Na safari hii kila kitu kwa sauti, wasikie hadi barabarani. Aliyesikia yote, akashindwa, ameshindwa kwa haki. Na nitashinda! Sijacheza vizuri hivi maishani mwangu. Katibu nimemfunga mara nne wiki hii kwa hilo hilo, akijua linakuja.

Nimemwambia Mama kwa simu. Kisha akasema, umefanana naye, kichwa jiwe.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kwenye korido ya klabu, daftari juu ya goti. Mechi inaendelea ndani. Ni zamu yangu. Saa yangu inakimbia, na nimeiacha ikimbie, kwa sababu nisipoandika kidogo nitapasuka.

Nilianza vizuri. Sauti kama ya mnadishaji. Askari wa mfalme, hatua mbili! Katibu, ambaye ndiye mwamuzi, akaniomba nipunguze. Sikupunguza. Baba akajenga Ukuta wake, akamtoa askofu. Nikamtaja askari wa farasi, hatua mbili. Watu wakanong'ona, wameikumbuka. Baba akafuata njia ile ile, hakukwepa, kana kwamba anaudai ule ubao wa wiki iliyopita. Nikamfukuza askofu, akarudi, nikamfuata, akazuia. Tukafika pale pale.

Nikamshika askari wa mfalme. Nikasema wazi, "Baba, askari wa mfalme. Hatua moja mbele. Anasimama mbele ya askari wa mfalme wako, pua kwa pua." Nikagonga saa.

Akatikisa kichwa polepole. Akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ilikuwa hiyo." Mimi tu ndiye niliyemsikia, nadhani.

Akakaa. Dakika kumi. Kumi na tano. Midomo yake ilikuwa inatembea. Nikaona anaupoteza ubao. Askari wangu wametawanyika kila mahali, hakuna hata kitu kimoja kinachofanana na anachokijua, anashika huku kunaponyoka kule. Nilitaka kufurahi. Ndiyo niliyokuwa nimeyapanga haya.

Akainua kichwa. Macho yake yalipita pembeni yangu, yakaenda dirishani. Akasema, mbele ya watu wote, kwa sauti yake ya kawaida:

"Mwanangu, nisomee ubao. Sioni."

Mama alikuwa amekaa safu ya nyuma, akafunika mdomo. Katibu alinyanyuka nusu, nadhani kanuni zilimjia kichwani, kisha akakaa, akasimamisha saa.

Nikamsomea. Nilianzia kona yangu. Ngome iko kwake. Farasi hajatoka. Askofu, malkia, mfalme yuko nyumbani. Askari wa mbele ya askofu yuko hatua moja mbele. Wa farasi hatua mbili. Wa ukingoni hatua mbili. Sauti ilinikatika kwenye farasi wa pili, nikaanza tena. Alinisikiliza macho yamefumbwa, vidole vinagonga meza kimoja baada ya kingine, kila kete na kidole chake. Nikamaliza na zake. Akaniuliza jambo moja tu: mbele ya mfalme wako, miraba miwili ya ulalo wa kulia, kuna kete yoyote? Nikatazama. Nikamwambia hakuna.

Akacheka. Baba alicheka! "Basi umejivua mwenyewe, mama."

Katibu akawasha saa. Baba akamchukua malkia wake, akamtoa hatua mbili tu, katikati. Malkia! Yeye aliyenifundisha nisimtoe malkia mapema. Nikaona mara moja. Askari wangu niliyemsukuma amemfungulia njia. Malkia anashuka moja kwa moja hadi uani kwangu, shaha, na mfalme wangu hana nguo hata moja. Wiki mbili nzima nimelitazama shambulizi hili na sikuliona tundu hilo. Katibu hakuliona. Jarida halikuliandika. Baba ameliona akiwa amefumba macho.

Akagonga saa. Kisha akainama mbele, akaninong'oneza. Najua ni kosa kuongea, lakini leo kanuni zilikuwa zimeshakaa pembeni.

"Mama yako amekwambia nilichosema. Kwamba nikifungwa nitakwenda."

Nikamwambia ndiyo.

"Nimebadilisha. Nikikufunga leo, Jumatatu unanipeleka kwa huyo daktari. Sitaki kwenda kama mtu aliyeshindwa. Nataka kwenda kama bingwa."

Nikamuuliza, na mimi nikikufunga?

"Hongera zako. Jumatatu nitakuwa kwenye mashine yangu."

Na hatanii. Namjua baba yangu. Nikasimama, nikaja huku nje.

Sasa shida ni hii. Nimekaa pale dakika nane kabla ya kutoka, na nimeona njia. Ngome yangu ya ukingoni inaweza kupanda hatua mbili, pale palipoachwa wazi na askari. Inaulinda ule mraba wa uani. Malkia akija, analiwa. Ni hatua ya ajabu, hakuna mtu anayetoa ngome hivyo mapema, na ni nzuri. Ni nzuri sana. Sijui kama Baba ameihesabu.

Mama amenifuata hapa sasa hivi. Nimemweleza. Akasema, mwachie basi, si umeshasikia. Nikamwambia haiwezekani. Baba anasikia hata kete ikisitasita. Nikicheza hatua mbovu ataijua kabla haijagusa ubao, na hapo hatakwenda kwa daktari, wala hatanisemesha. Akishinda ni lazima ashinde kweli. Mama akaniuliza, kwa hiyo? Nikasema, kwa hiyo nacheza niwezavyo, naye aniweze.

Sijawahi kuomba nifungwe. Miaka minne nimeomba kitu kimoja tu, na leo kiko mkononi, na naogopa kukishika. Ee Mungu, mpe Baba jibu. Mimi sina la kumpa.

Katibu amechungulia mlangoni. Anasema zimebaki dakika kumi na tisa kwenye saa yangu, na Baba anauliza kama nimekimbia.

Sijakimbia. Naingia. Ngome, ukingoni, hatua mbili juu. Nitaitaja kwa sauti.